Kabla ya Kumwambia Mama "Usiwe na Wasiwasi"

Mwenyekiti wa kikao, madaktari na wauguzi, walimu, wazazi mliofika, asanteni kwa nafasi hii.

Mtoto anapobainika kuwa na mzio wa chakula, faili hufunguliwa kwa jina lake. Uzito wake unaandikwa, ngozi yake inapimwa, damu yake inapelekwa maabara. Kando yake ameketi mtu ambaye ndiye atakayetekeleza kila tutakaloagiza, usiku na mchana, kwa miaka, na katika faili lile hana hata mstari mmoja. Mara nyingi mtu huyo ni mama. Nimekuja kumzungumzia yeye.

Hoja yangu ni moja. Sehemu kubwa ya hofu ya mama huyu tunaitengeneza sisi, kwa maelekezo yasiyo na vipimo. Tunamwambia "uwe mwangalifu sana", "aepuke kabisa", "ikitokea, wahi hospitali". Mwangalifu kiasi gani? Aepuke kula tu, au hata kugusa na kunusa? Ikitokea nini hasa? Akirudi baada ya miezi 3, macho mekundu kwa kukosa usingizi, tunamwambia asiwe na wasiwasi. Maneno hayo hayatulizi. Kinachotuliza ni kujua mpaka wa hatari uko wapi, na kujua mikono yake ifanye nini hatari ikivuka mpaka huo.

Tuitazame kazi yenyewe kwanza. Kwa watoto wengi, matibabu ya kila siku ya mzio wa chakula ni kuepuka, na kuepuka ni kazi ya mtu. Lebo ya pakiti husomwa mara 3: dukani, wakati wa kupanga vitu kabatini, na kabla ya kufungua, kwa kuwa kiwanda kinaweza kubadilisha viambato bila kubadilisha sura ya pakiti. Maziwa hujificha nyuma ya neno kaseini, yai nyuma ya neno albumini. Onyo la kwamba bidhaa "huenda ikawa na chembe za karanga" katika nchi nyingi huandikwa kwa hiari ya mtengenezaji, hivyo pakiti isiyo na onyo haijathibitishwa kuwa salama. Ongeza hapo sufuria na mwiko vya kutenganisha, sherehe za watoto, safari, na kila mtu mzima anayemkabili mtoto na kipande cha keki mkononi. Kila mlo ni uamuzi, na mwenye kuamua anaamini kwamba akikosea mara 1 tu, mtoto anaweza kufa. Akili inayokaa katika hali hiyo mwezi baada ya mwezi huchoka. Mama anayechoka namna hiyo hatuna haki ya kumwita dhaifu.

Tafiti zimeonyesha hili kwa muda mrefu. Mwaka 2003 watoto wenye mzio wa karanga walilinganishwa na watoto wenye kisukari kinachotibiwa kwa insulini. Wenye mzio ndio walioripoti maisha yenye hofu zaidi na vikwazo vingi zaidi, ingawa wenzao walikuwa wanachomwa sindano kila siku. Mwaka 2009 utafiti mwingine wa familia zenye mtoto mwenye mzio wa karanga ulikuta kwamba akina mama walikuwa na wasiwasi na msongo mkubwa kuliko akina baba wa nyumba zile zile, na ubora wao wa maisha, wa mwili na wa akili, ulikuwa chini zaidi. Sitaki matokeo hayo yasomwe kana kwamba baba hapendi mtoto wake. Anayebeba mkoba wa dawa, anayejua namba ya shule na anayekaa kwenye benchi la kliniki ndiye anayebeba pia hesabu yote ya hatari kichwani.

Sasa vipimo. Yapo madodoso mawili ambayo watu huyachanganya, na kuyachanganya kunaharibu matibabu. La kwanza ni dodoso la ubora wa maisha katika mzio wa chakula, toleo la wazazi. Lina maswali 30, kila jibu likiwa kati ya 0 na 6, na linahusu watoto wa hadi miaka 12. Mzazi ndiye anayejaza, lakini anayepimwa ni mtoto: hisia zake, hofu yake ya chakula, na namna maisha yake ya kijamii na ya mezani yalivyobanwa. La pili ni dodoso la mzigo wa mzazi, lenye maswali 17, na hilo ndilo linalomuuliza mama kuhusu maisha yake mwenyewe: je, safari zimekwama, je, ana huzuni kwa sababu ya mzio huu, je, anahofia kumwacha mtoto na mtu mwingine? Kliniki ikitumia la kwanza peke yake ikadhani imempima mama, imekosea. Tena mama mwenye hofu kali huweza kumjazia mtoto alama mbaya kuliko ambazo mtoto mwenyewe angejipa. Mtoto akifika miaka 8 aulizwe yeye, kwa toleo lake, na majibu yawekwe kando ya yale ya mama. Tofauti kati ya karatasi hizo mbili hufundisha mengi.

Kwa afya ya akili kwa jumla, hakuna haja ya kubuni kitu kipya. Dodoso la wasiwasi la GAD-7 lina maswali 7 na alama 0 hadi 21; dodoso la sonona la PHQ-9 lina maswali 9 na alama 0 hadi 27. Yote mawili huuliza kuhusu wiki 2 zilizopita, na kwa yote mawili alama 10 au zaidi humaanisha mama aketi na mtu wa kumchunguza kwa kina. Kama mtoto hajatimiza mwaka 1, tumieni lile la Edinburgh la sonona baada ya kujifungua, lenye maswali 10, maana mama wa mtoto mchanga mwenye mzio wa maziwa anaweza kuwa na mambo mawili yanayomwelemea kwa wakati mmoja. Yote haya yakijazwa kwa pamoja hayazidi robo saa.

Yanapoharibika huharibikia mahali panapojulikana. Mama hupewa fomu akiwa amempakata mtoto anayelia, au mtu wa familia akiwa anachungulia begani, naye huandika 0 kila mahali. Au hujaza kwa ukweli, karatasi ikabanwa kwenye faili, asiisome mtu. Baya kuliko yote ni swali la 9 la PHQ-9, linalouliza kuhusu mawazo ya kujidhuru. Jibu lolote la juu ya 0 hapo linataka mazungumzo ya faragha siku hiyo hiyo, kabla mama hajatoka getini. Kliniki isiyo na mtu wa kufanya mazungumzo hayo impate kwanza, ndipo ianze kugawa fomu.

Lini apimwe? Mimi ningepima siku ya utambuzi au muda mfupi baada yake, tena kati ya wiki 4 na 8 baadaye, na kila baada ya tukio la mzio mkali. Ningepima pia kabla ya mtoto kuanza shule na kabla ya jaribio la kula, yaani mtoto kulishwa chakula kinachoshukiwa chini ya uangalizi wa kliniki. Kwenye matukio hayo ndipo mzigo hupanda.

Lakini tusimpe kila mama jina la ugonjwa. Wasiwasi unaomfanya asome lebo na kubeba dawa unamlinda mtoto. Umepitiliza pale anapoanza kuondoa vyakula ambavyo mtoto amekuwa akila bila shida, mtoto akaanza kupungua uzito. Umepitiliza anapoamka mara kadhaa usiku kusikiliza pumzi ya mtoto ambaye hakula chochote kibaya, anapoacha kazi si kwa kupenda, au asipomruhusu hata baba kumlisha. Kuna pia sura ya upande wa pili, ambayo hatuioni kwa urahisi: mama anayeacha nyumbani sindano ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, kwa sababu kuiona tu kunamrudisha kwenye siku mtoto alipozidiwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kama picha za tukio zinamjia bila kuitwa, kama anakwepa kila kinachomkumbusha, na hali hiyo imevuka mwezi 1, huyo apelekwe kwa mtaalamu wa majeraha ya kisaikolojia. Kipeperushi cha lishe hakitamfaa.

Nikae kidogo kwenye mpaka wa hatari, maana hapa ndipo kliniki nyingi hukaa kimya.

Chukueni karanga. Mama wengi huamini harufu yake inaweza kumuua mtoto. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya watoto 30 wenye mzio mkali wa karanga ambao walipakwa siagi ya karanga kidogo kwenye ngozi kwa dakika 1, na wakati mwingine wakaketi dakika 10 umbali wa sentimita 30 hivi kutoka kwenye siagi hiyo, wakivuta hewa yake. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa kupumua au kupata dalili za mwili mzima. Baadhi walipata wekundu, muwasho au kivimbe pale pale ilipogusa, basi. Sababu inaeleweka: mzio ni wa protini, na harufu ya siagi ya karanga inabebwa na kemikali nyepesi zisizo na protini. Hatari iko mdomoni. Ndiyo maana mtoto wa miaka 2, anayetia vidole kinywani kila dakika, analindwa kwa namna tofauti na mtoto wa miaka 9.

Tuwe waangalifu tusivuke kipimo kwa upande huu pia. Mvuke wa samaki au wa jamii ya kamba wakati wa kupika, na vumbi la unga wa ngano, hubeba protini hewani, na kwa baadhi ya watoto, hasa wenye pumu, huleta dalili kweli. Mtoto huyo akae mbali na jiko wakati chakula hicho kinapikwa. Mama akiambiwa yote mawili, lipi limepimwa na lipi la kuepuka, anaweza kukaa kwenye basi karibu na mtu anayekula karanga bila kushuka kituo kinachofuata.

Mikono je? Utafiti wa 2004 ulionyesha kwamba sabuni na maji huondoa protini ya karanga mikononi, na vitambaa vya kufutia vyenye unyevu huiondoa pia. Maji matupu hubakiza, na jeli ya kuua vijidudu hubakiza zaidi, kwa sababu inaua vijidudu bila kuondoa protini. Walimu, hilo ni lenu: chupa ya jeli mlangoni mwa darasa haimlindi mtoto huyu. Na mate? Saa 1 baada ya mtu kula karanga, kwa watu wengi protini haionekani tena mdomoni, lakini ushauri salama kwa anayetaka kumbusu mtoto mwenye mzio ni kusubiri saa kadhaa na kula mlo mwingine usio na karanga kwanza. Kupiga mswaki papo hapo hakutoshi.

Kisha ipo namba ambayo mama anaiogopa bila kuijua. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria vifo vinavyotokana na mzio wa chakula, kwa wenye mzio huo wa umri wa hadi miaka 19, kuwa takriban 3.25 kwa kila watu milioni 1 kwa mwaka. Ni chini ya uwezekano wa kufa kwa ajali katika jamii kwa jumla. Namba hiyo isitolewe mlangoni kama njia ya kumaliza mazungumzo, mama akahisi amepuuzwa. Msikilizeni kwanza, mwekeni dawa mkononi, ndipo mumpe namba. Ikifuata mpangilio huo, hubaki kichwani.

Sasa adrenalini, kwa kuwa hofu ya mama mara nyingi ni hofu ya kushindwa kuitumia. Dozi ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, kwenye msuli wa upande wa nje wa katikati ya paja, isizidi miligramu 0.3 kwa mtoto. Dawa yenye nguvu ya miligramu 1 kwa mililita 1 humaanisha mtoto wa kilo 10 anapata mililita 0.1, wa kilo 20 mililita 0.2. Hapa panatokea kosa la kutisha: nukta kukaa pasipo pake na dozi kuongezeka mara 10. Kwa mzazi anayeelekezwa kutumia bomba la sindano, andikeni kipimo kwa mililita, kwa tarakimu, na mchore mstari wa wino kwenye bomba lenyewe. Kalamu za adrenalini zilizojazwa tayari hupunguza kosa hilo: ile ya miligramu 0.15 kwa watoto wadogo, ya 0.3 kwa wanaozidi kilo 25 hadi 30, kwa kufuata maelekezo ya nchi husika.

Achome lini? Jibu liwe fupi, limkae kichwani akiwa anatetemeka. Baada ya chakula kinachoshukiwa, dalili yoyote ya kupumua, yaani mluzi kifuani, kukohoa mfululizo, sauti kukauka, koo kubana, au dalili ya mzunguko wa damu, yaani kulegea, kupauka, kuzimia: chomeni. Mabaka ya ngozi pamoja na kutapika tena na tena: chomeni. Mabaka machache mdomoni peke yake: dawa ya kuzuia mzio ya kunywa na kuangalia kwa karibu. Dawa hiyo ya kunywa hupunguza muwasho. Haifungui njia ya hewa wala haipandishi shinikizo la damu. Mama wengi huanza nayo, wakasubiri, na kusubiri ndiko kunakoua.

Hatua mkononi: toeni kifuniko cha usalama, dole gumba lisikae kwenye ncha yoyote, shikeni mguu wa mtoto kwa nguvu juu ya goti maana mtoto akirusha mguu sindano hukwaruza ngozi, bonyezeni kwa pembe mraba hata juu ya nguo, kisha hesabuni sekunde zilizoandikwa kwenye kifaa. Baadhi ni 3, vingine ni 10, hivyo mazoezi yafanyike kwa aina ile ile iliyo kwenye mkoba. Mtoto alazwe, miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua vizuri akalishwe, miguu ikinyooshwa mbele. Asisimame wala asitembezwe hadi kwenye gari, kwani kusimama ghafla kunaweza kushusha shinikizo la damu kwa kiwango cha kuua. Pigeni simu ya dharura. Kama hali haijabadilika baada ya dakika 5, dozi ya pili. Hata akipata nafuu aende hospitali kwa saa kadhaa za uangalizi, kwa kuwa dalili huweza kurudi.

Mama hafundishwi haya kwa karatasi. Afanye mwenyewe mara 3 mbele ya muuguzi, kwa kalamu ya mazoezi isiyo na sindano. Kalamu zilizokwisha muda zitumike kuchomea chungwa, ili asikie ule mlio na ile nguvu. Arudie kila baada ya miezi 6. Ninaamini saa 1 ya mazoezi hayo humpunguzia mama mzigo kuliko ziara 5 za kuambiwa ajitahidi. Hofu nyingine ya kumwondolea ni kwamba adrenalini ikichomwa bila ulazima itamdhuru mtoto. Kwa dozi hii kwenye paja, mtoto atatetemeka kidogo, atapauka, moyo utaenda mbio kwa muda, kisha itapita.

Tugeuke kwenye hatia, maana wasiwasi una dada yake. Mama huuliza, mara nyingi kwa sauti ya chini akiwa ameshashika kitasa: je, ni kwa sababu nilikula karanga nikiwa mjamzito? Au kwa sababu sikula? Ajibiwe waziwazi kwamba hakusababisha. Kujinyima vyakula wakati wa ujauzito ili kuzuia mzio hakupendekezwi. Kuna hatia nyingine mpya zaidi. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri watoto walio katika hatari kubwa wacheleweshewe karanga hadi miaka 3. Ushauri huo ulifutwa mwaka 2008. Mwaka 2015 jaribio la London lenye watoto wachanga 640 likaonyesha kinyume chake: miongoni mwa waliokuwa na ngozi isiyoonyesha mwitikio mwanzoni, waliokula karanga mapema walikuwa na mzio asilimia 1.9 tu walipofikisha miaka 5, na walioziepuka asilimia 13.7. Mama aliyechelewesha karanga alitii wataalamu wa wakati wake. Wajibu wa kosa hilo ni wa taaluma yetu, na mama anastahili kusikia tukilikiri kwa vinywa vyetu.

Tunamwongezea mzigo pia kwa vipimo visivyo na sababu. Kipimo cha kuchoma ngozi chenye kivimbe cha milimita 3 kinaonyesha kwamba mwili una kingamwili dhidi ya chakula hicho. Hakithibitishi kwamba chakula kitamdhuru. Kuagiza kipimo cha vyakula 20 kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi ni kumrudisha mama nyumbani na orodha ya marufuku ambayo haikuhitajika. Vipimo vya kingamwili za aina ya IgG vinavyouzwa kwa wazazi havitambui mzio kabisa. Na mama anayenyonyesha, akiambiwa aache maziwa, apewe tarehe ya mwisho: wiki 2 hadi 4, kisha maziwa yarudishwe ili ionekane kama dalili zinarudi. Zisiporudi, aendelee kula. Wakati wa kuacha apate kalsiamu miligramu 1,000 na vitamini D mikrogramu 10 kwa siku. Wapo wanaoachwa kwenye mlo huo kwa miezi mingi kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kuwaambia warudi.

Kuhusu tiba ya mazungumzo. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio ambamo mama wa watoto wenye mzio walipewa kikao 1 cha tiba ya fikra na tabia. Kwa kundi zima wasiwasi haukupungua kwa kiwango cha kutosha kusema tiba ilifanya kazi. Kwa walioanza na wasiwasi wa kati au mkubwa, ulipungua. Hilo linatuambia tusimpeleke kila mtu. Tupime kwanza, kisha tumpeleke anayehitaji. Kazi yenyewe hujengwa kama ngazi. Mama na mtaalamu huandika mambo anayoyakwepa kutoka jepesi hadi zito: kumwacha mtoto na baba dakika 30, mtoto kukaa meza moja na anayekula karanga, sherehe ya rafiki akiwa na chakula chake, kulala kwa shangazi. Kila ngazi hurudiwa hadi hofu ishuke, ndipo ipandwe inayofuata. Kumlisha mtoto chakula chenye mzio kamwe si ngazi ya nyumbani. Hiyo ni kazi ya kliniki.

Walimu, jambo moja zaidi kwenu. Katika utafiti wa 2013 wa familia 251, karibu theluthi ya watoto walisema walionewa kwa sababu ya mzio wao, wengine kwa kutishiwa na chakula chenyewe. Kati ya walioonewa, wazazi walijua takriban nusu tu, na mzazi alipojua, mtoto aliishi vizuri zaidi. Muulizeni mtoto moja kwa moja, na mkipata jibu, mama apate kujua.

Namalizia na siku ya jaribio la kula chini ya uangalizi, ambapo mtoto hupewa chakula kwa dozi zinazopanda kila dakika 20 hadi 30. Wasiwasi wa mama hupanda sana siku hiyo, na aambiwe mapema kwamba utapanda. Utafiti wa 2012 wa watoto waliopimwa kwa karanga au kokwa za miti kama korosho ulikuta kwamba miezi 3 hadi 6 baadaye maisha yalikuwa bora, hata kwa watoto ambao jaribio lilithibitisha mzio wao. Uhakika, hata ukiwa mchungu, una nafuu yake. Lakini aliyefaulu akirudi nyumbani bila maelekezo, mara nyingi mama hamlishi tena chakula kile, kwani miaka ya hofu haifutwi kwa asubuhi 1. Mwandikieni kiasi gani, mara ngapi kwa wiki, kuanzia siku gani, na mumpigie simu ndani ya wiki 2. Swali la kwanza kwenye simu hiyo liwe: amekula lini mara ya mwisho, na kiasi gani? La pili: wewe unalalaje?

Karibuni kwa maswali. Madodoso yapo kwenye meza ya nyuma, pamoja na kalamu za mazoezi. Ningeomba kila baba aliyepo hapa aishike moja, aibonyeze kwenye paja lake mara 3, kabla hajatoka.